UZI: Armagh, mji wa makanisa makuu mawili, na watu waliotunza kumbukumbu zake

#1 Mtunza Nyaraka

Ndugu wanajukwaa, salaam.

Kwa muda mrefu nimekuwa nikiahidi kuandika juu ya mji mmoja wa Ireland ya Kaskazini ambao wengi wetu hatuujui, ingawa jina la mtakatifu wake limebandikwa kwenye shule na parokia nyingi za kwetu. Mji huo ni Armagh. Wakazi wake ni kama 16,000 tu, idadi inayozidiwa na kata nyingi za Dar es Salaam, na hata hivyo ndiyo makao ya maaskofu wakuu wawili, mmoja Mkatoliki na mwingine Mwanglikana, ambao wote wawili hubeba cheo kilekile cha Askofu Mkuu wa Armagh na Mkuu wa Maaskofu wa Ireland yote. Kila mmoja ana kanisa kuu lake juu ya kilima chake, makanisa yote mawili yamewekwa chini ya jina la Mtakatifu Patrick, na ukisimama karibu na moja unaliona lingine ng'ambo ya bonde.

Swali lililonisumbua tangu nilipoanza kuutembelea mji huu ni jepesi kuliuliza: heshima hii yote imetoka wapi? Armagh haikuwa bandari, haikuwa na migodi, na haikuwahi kuwa na jeshi la kutisha jirani. Jibu nililolifikia, na ambalo nitalitetea katika uzi huu, ni kwamba mji huu ulijengwa na kazi ya kutunza. Walikuwapo watu waliokabidhiwa kitabu, kengele, fimbo au kaburi, wakapewa ardhi kwa ajili ya kazi hiyo, na wakairithisha kwa watoto wao kwa mamia ya miaka. Nitaeleza pia habari ya mlinzi aliyeshindwa, kwa sababu bila yeye hadithi haikamiliki.

Mimi ninaishi Belfast kwa kazi, kwa hiyo Armagh kwangu ni safari fupi ya basi. Ninayoyaandika nimeyasoma, na mengine nimeyaona kwa macho.

Tuanzie nje ya mji, kabla ya Ukristo. Kilomita zipatazo tatu magharibi mwa Armagh kuna kilima cha majani ambacho Waingereza hukiita Navan Fort na Waairish hukiita Emain Macha. Katika masimulizi ya kale ya Ulster, yaani jimbo la kaskazini mwa Ireland, hapo ndipo palipokuwa makao ya mfalme Conchobar na shujaa Cú Chulainn. Jina Macha ni la mwanamke wa kimungu, na ndilo lililoupa mji jina lake pia, kwa maana Ard Mhacha ni "mwinuko wa Macha". Inasimuliwa kwamba mume wake alijisifu mbele ya watu kuwa mkewe anawashinda mbio farasi wa mfalme. Macha alikuwa mjamzito na siku zake zilikuwa zimetimia. Aliomba asubiriwe ajifungue kwanza, akakataliwa, akakimbia, akashinda, akajifungua mapacha pale pale penye mstari wa mwisho, na kwa uchungu ule akawalaani wanaume wa Ulster kwamba siku watakapohitaji nguvu zao kuliko siku zote, watadhoofika kama mwanamke aliye katika utungu. Neno "emain" lenyewe lilifasiriwa kuwa ni mapacha.

Uchimbuzi ulioongozwa na Dudley Waterman katika miaka ya 1960 na mwanzoni mwa miaka ya 1970 ulitoa kitu cha ajabu kuliko hata hadithi hiyo. Ndani ya kilima kulikuwa na mabaki ya jengo kubwa la duara, lenye kipenyo cha takriban mita 40, lililosimamishwa kwa nguzo za mwaloni zilizopangwa duara ndani ya duara. Kisiki cha nguzo ya katikati kilikuwa kimesalia ardhini, na kwa kuhesabu miviringo ya ukuaji katika mti huo wataalamu waliweza kusema kwamba ulikatwa mwishoni mwa mwaka 95 au mwanzoni mwa mwaka 94 kabla ya Kristo. Sasa sikilizeni yaliyofuata. Watu hao hawakuishi ndani ya jengo hilo. Walilijaza mawe chokaa kwa makusudi, wakalichoma moto kwa nje, kisha wakalifunika lote kwa udongo wa majani hadi likawa kilima. Nimesimama juu yake mara kadhaa, na kila mara nafikiria mikono iliyobeba mawe yale moja baada ya jingine ili kuzika jengo ambalo ilikuwa imelijenga yenyewe.

Nitaendelea na Patrick nikipata nafasi. Karibuni kwa maswali.

#2 Kijana wa Pangani

Ahsante sana, Mtunza Nyaraka. Niliwahi kusikia kwamba katika kilima hicho kulipatikana mfupa wa mnyama kutoka Afrika. Je, ni kweli au ni maneno ya mitandaoni? Na kama ilikuwa ngome, mbona unaeleza kama mahali pa ibada?

#3 Mtunza Nyaraka

Ni kweli, ndugu yangu. Waterman na wenzake walipata fuvu la kima wa jamii inayoishi Afrika ya Kaskazini, katika tabaka la makazi yaliyotangulia lile jengo kubwa, yaani katika karne za mwisho kabla ya Kristo. Mnyama huyo alisafirishwa kutoka milima ya Maghreb au jirani yake hadi kwenye kisiwa cha mwisho cha magharibi mwa Ulaya. Huenda alikuwa zawadi kutoka kwa mtu mkubwa kwenda kwa mkubwa mwenzake. Fuvu hilo linatufundisha kwamba njia za bahari ya Atlantiki zilikuwa zikitumika muda mrefu kabla ya Warumi kuifikia Uingereza.

Kuhusu ngome, jina la Kiingereza linapotosha. Kilima kimezungukwa na tuta na handaki, ila handaki limechimbwa upande wa ndani wa tuta. Mtu anayejenga ili kumzuia adui huchimba upande wa nje. Huu ulikuwa mpaka wa mahali patakatifu, na karibu yake kuna ziwa dogo la Loughnashade ambako mwishoni mwa karne ya 18 zilipatikana baragumu nne za shaba, pengine zilizotoswa majini kama sadaka. Ni moja tu iliyosalia, nayo iko katika Makumbusho ya Taifa mjini Dublin.

Niongeze jambo linalonigusa. Katika miaka ya 1980 machimbo ya mawe chokaa yalikuwa yamekula ardhi hadi ukingoni mwa eneo hili, na mpango ulikuwa kuendelea kuchimba. Wananchi na wanaakiolojia walipinga, ukafanyika uchunguzi wa hadhara mwaka 1985, na upanuzi ukazuiwa. Ukienda leo utaliona shimo lile, limejaa maji, liko karibu kiasi cha kukutia hofu. Kilima kilichodumu miaka elfu mbili kilinusurika kwa sababu ya watu waliokwenda kuketi katika chumba cha mikutano na kutoa ushahidi.

Sasa Patrick. Yeye mwenyewe ameacha maandishi mawili kwa Kilatini, na katika moja anaeleza kwamba alikamatwa Uingereza na wavamizi akiwa na umri wa karibu miaka 16, akapelekwa Ireland kuwa mtumwa, akachunga mifugo miaka sita, akatoroka, na baadaye akarudi kwa hiari yake kuwahubiria watu wale wale. Katika maandishi hayo Armagh haitajwi. Kinachomweka Armagh ni mapokeo na tarihi za Ireland, yaani kumbukumbu za matukio mwaka kwa mwaka, ambazo zinauweka mwanzo wa kanisa la Armagh katika mwaka 444 au 445.

Mapokeo hayo yaliandikwa katika karne ya 7 na mtawa aitwaye Muirchú, na yana ladha yake. Patrick alimwomba tajiri mmoja wa eneo hilo, Daire, ampe kilima. Daire akamnyima, akampa uwanja wa bondeni. Baadaye Daire alimletea Patrick sufuria kubwa ya shaba iliyotoka ng'ambo ya bahari, na Patrick akajibu kwa neno moja la kushukuru kwa Kilatini, ambalo masikioni mwa Daire lilisikika kama "gratzacham". Daire akaona hayo ni maneno ya mpumbavu asiyejua thamani ya kitu, akatuma watumishi wake wakaichukue sufuria. Patrick akasema tena "gratzacham". Watumishi waliporudi, Daire aliuliza amesema nini, akaambiwa ni neno lile lile. Alistaajabu: mtu huyu akipewa anashukuru, akinyang'anywa anashukuru. Akamrudishia sufuria yake, na kilima akampa.

Walipopanda juu walimkuta paa jike na mtoto wake mahali ambapo altare ingejengwa. Wenzake walitaka kumuua mtoto yule. Patrick akamkataza kila mtu, akambeba mabegani, mama yake akamfuata nyuma, akaenda kumwachia kwenye mwinuko wa upande wa kaskazini. Waumini wa Armagh husimulia kwamba mwinuko huo ndio ambao, karne kumi na nne baadaye, Wakatoliki walijenga kanisa kuu lao.

#4 Mwalimu wa Kidato

Nimefuatilia kwa makini na ninaheshimu juhudi yako, lakini kama mwalimu wa historia siwezi kukaa kimya. Muirchú aliandika miaka zaidi ya 200 baada ya matukio. Armagh ilikuwa na maslahi yake katika hadithi hizo. Je, hatuoni hapa kanisa moja likijitengenezea hati ya kumiliki ukuu juu ya makanisa mengine? Na hata kaburi la Patrick, nijuavyo mimi, haliko Armagh.

#5 Mtunza Nyaraka

Mwalimu, umepiga penyewe, na ninakushukuru kwa sababu swali lako ndilo moyo wa uzi huu.

Katika karne ya 7 Armagh ilikuwa ikishindana na Kildare, kituo cha Mtakatifu Brigid, ambacho nacho kilikuwa na mwandishi wake, Cogitosus, aliyedai kwamba Kildare ndiyo kichwa cha makanisa karibu yote ya Ireland. Armagh ilijibu kwa kalamu. Mbali na Muirchú kuna andiko liitwalo Kitabu cha Malaika, ambamo malaika anamtokea Patrick na kumkabidhi Armagh mamlaka juu ya makanisa ya kisiwa kizima. Hilo ni dai la kisiasa lililovikwa maono, na hakuna mwanahistoria makini anayelificha. Kuhusu kaburi, maandishi ya Armagh yenyewe yanakiri. Muirchú anasema Patrick alipojua kifo kimekaribia alitaka kurudi Armagh afie pale, lakini malaika akamgeuza njiani, na mwili wake ukavutwa na maksai hadi mahali panapoitwa leo Downpatrick.

Kinachonivutia ni kwamba Armagh, iliyokosa kaburi, iliamua kutunza kila kitu kingine. Mnamo mwaka 807 mwandishi aitwaye Ferdomnach, akifanya kazi chini ya abati Torbach, alinakili katika buku moja dogo maandishi ya Patrick mwenyewe, maisha yake yaliyoandikwa na Muirchú, habari zilizokusanywa na Tírechán, Kitabu cha Malaika, na Agano Jipya karibu lote kwa Kilatini. Hicho ndicho Kitabu cha Armagh. Mwaka 1005 mfalme Brian Boru alifika mjini, akaweka wakia 20 za dhahabu juu ya altare, na mshauri wake wa kiroho, Máel Suthain, akaandika ndani ya kitabu hicho, mbele ya macho ya mfalme, maneno machache yanayothibitisha ukuu wa Armagh na kumwita Brian mtawala mkuu wa Waairish wote. Kwa hiyo, Mwalimu, hati ilikuwa imetengenezwa, lakini mfalme mwenye nguvu kuliko wote aliona haja ya kuja kuandikiwa katika hati hiyo. Brian alipouawa katika vita vya Clontarf mwaka 1014, mkuu wa kanisa la Armagh alikwenda hadi Swords, karibu na Dublin, kuupokea mwili wake, wakamkeshea Armagh siku 12, wakamzika kando ya kanisa. Ubao wa jiwe uko ukutani upande wa kaskazini wa kanisa la Kianglikana, nje, chini ya mvua kama jiwe lolote lingine.

Vitu hivi vilikuwa na nguvu isiyo ya kawaida. Mtakatifu Malachy, mzaliwa wa Armagh wa mwaka 1094, alipoteuliwa kuwa askofu mkuu mwaka 1132 ili aurekebishe uongozi uliokuwa umegeuzwa mali ya ukoo mmoja kwa takriban karne mbili, mpinzani wake aitwaye Niall alikimbia na injili ya Patrick pamoja na fimbo ya Patrick iliyoitwa Fimbo ya Yesu. Bernard wa Clairvaux, rafiki wa Malachy, anaeleza kwamba watu wengi walimhesabu mwenye vitu hivyo kuwa ndiye askofu. Malachy alilazimika kuvipata kwanza ndipo akae kwa amani.

Sasa walinzi. Kitabu kilikuwa na mlinzi wake wa kurithi, aliyeitwa maor, na ukoo wake ukaitwa MacMoyer, maana yake mwana wa mlinzi. Ardhi waliyopewa kwa kazi hiyo bado inaitwa Ballymyre, kijiji cha mlinzi. Walikitunza kwa vizazi vingi, na wa mwisho wao, Florence MacMoyer, aliandika jina lake ndani yake mwaka 1662. Mwaka 1680 akakiweka rehani kwa pauni tano, ili apate nauli ya kwenda London kutoa ushahidi dhidi ya askofu mkuu Mkatoliki wa Armagh, Oliver Plunkett, aliyesingiziwa uhaini. Plunkett alinyongwa Tyburn, mahali pa kunyongea watu London, tarehe 1 Julai 1681, akatangazwa mtakatifu mwaka 1975, na kichwa chake kimehifadhiwa kanisani Drogheda. Kitabu hakikurudi tena mikononi mwa ukoo ule. Kilipita kwa familia ya Brownlow ya Lurgan, na katika karne ya 19 msomi William Reeves akakinunua kwa pauni 300, kisha Askofu Mkuu Beresford akakitoa kwa Chuo cha Trinity, Dublin, kilipo hadi leo.

Pauni tano. Nimeandika mistari hii mara nyingi katika daftari zangu na bado inanichoma.

Ila msimhukumu kila mlinzi kwa huyu mmoja. Kengele ya Patrick, kipande cha chuma kilichokunjwa na kupakwa shaba, ilitengenezewa kasha lililopambwa kwa dhahabu na fedha mnamo mwaka 1100 kwa amri ya mfalme Domhnall Ua Lochlainn, na jina la mlinzi limechongwa kwenye kasha hilo. Ukoo wa mlinzi huyo, ambao kwa Kiingereza uliitwa Mulholland, ulikaa na kengele hiyo kupita vita, unyang'anyi wa ardhi na sheria kali, hadi mzee wa mwisho, mwalimu wa shule, alipoikabidhi kwa mfanyabiashara wa Belfast mwishoni mwa karne ya 18. Karibu miaka 700. Leo iko katika Makumbusho ya Taifa, Dublin.

#6 Bibi Msomaji

Wanangu, mimi ni mzaliwa wa Bagamoyo na nimesoma mlivyoandika kwamba Patrick alikuwa mtumwa. Kwetu neno hilo haliishii kwenye vitabu. Je, kanisa lililojengwa kwa jina la mtumwa lilisema nini juu ya utumwa?

#7 Mtunza Nyaraka

Shikamoo Bibi. Swali hili nilitamani mtu aliulize, na nafurahi limetoka kwako.

Andiko la pili la Patrick ni barua ya hasira dhidi ya askari wa mtawala mmoja wa Kibriton (wenyeji wa kale wa Uingereza), Coroticus, waliowavamia Wakristo wapya, wengine bado wakiwa na mafuta ya ubatizo katika paji la uso, wakawaua baadhi na kuwauza wengine. Patrick anawatenga na kanisa hadharani na kudai mateka warudishwe. Ni mtu anayeandika akiwa anakumbuka.

Hata hivyo Ireland iliendelea kuwa na watumwa karne nyingi baadaye, na Armagh yenyewe iliumia. Waviking, wavamizi wa baharini kutoka Skandinavia, waliishambulia mara tatu katika mwezi mmoja wa mwaka 832. Mwaka 869 waliuchoma mji, na tarihi za Ulster zinasema watu elfu moja walipotea, baadhi wakiuawa na wengine wakichukuliwa mateka, wakati Dublin ya Waviking ilikuwa soko kubwa la binadamu. Na Waairish nao walinunua. Vijana wa Kiingereza waliuzwa kuvuka bahari, wengine na ndugu zao wenyewe.

Kisha Wanormani, wapiganaji waliotoka Uingereza, walianza kutua Ireland mwaka 1169, na makasisi wa kisiwa walikutana Armagh kujiuliza kwa nini msiba huu umewapata. Gerald wa Wales, ambaye kwa kawaida hakuwa na neno zuri kwa Waairish, ameandika uamuzi wao: kwamba Mungu anawaadhibu kwa sababu ya kuwanunua Waingereza na kuwaweka utumwani, na kwamba Waingereza wote walio watumwa katika kisiwa chote waachiwe huru. Sitaki kukuza, Bibi. Uamuzi huo ulihusu Waingereza tu, na ulitolewa na watu waliokuwa wakiogopa. Lakini ulitolewa katika mji wa mtumwa Patrick, na uliita jambo lile dhambi kwa sauti ya mkutano mzima.

#8 Bibi Msomaji

Marahaba mwanangu. Umenijibu vizuri. Waliogopa, lakini walisema.

#9 Kijana wa Pangani

Naomba utueleze kuhusu majengo yenyewe. Na je, kulikuwa na chuo? Nimeona mahali fulani kwamba wanafunzi walitoka nchi za nje.

#10 Mtunza Nyaraka

Chuo kilikuwapo, na kilikuwa kikubwa. Mji wa kale uligawanywa mafungu matatu chini ya kilima, na moja liliitwa Trian Sassenach, yaani theluthi ya Waingereza, kwa sababu ya wanafunzi waliovuka bahari kuja kusoma. Barabara ya English Street inayopita hapo bado inabeba kumbukumbu hiyo. Mwaka 1162 sinodi ya Clane, yaani mkutano wa viongozi wa kanisa, iliamua kwamba asiwe mwalimu mkuu wa kanisa lolote Ireland mtu asiyesoma Armagh, na mwaka 1169 mfalme Rory O'Connor aliahidi ng'ombe kumi kila mwaka kwa mwalimu wa Armagh awafundishe vijana wa Ireland na Scotland. Kulipa mshahara wa mhadhiri kwa ng'ombe! Wafugaji wa kwetu wangeuelewa mkataba huo bila mkalimani.

Kuhusu majengo, anza na mpangilio wa njia. Ukipanda kuelekea kanisa la Kianglikana utaona barabara ya Castle Street inapinda, inazunguka kilima badala ya kukikata. Mara ya kwanza nilidhani nimepotea. Baadaye nilielewa kwamba ninatembea juu ya mstari wa boma la duara la monasteri ya kale. Kuta zilibomoka zamani, lakini nyumba ziliendelea kujengwa kwa kuufuata mkunjo ule ule.

Kanisa lenyewe limeungua na kujengwa mara nyingi mno. Umbo lake la msingi ni la Askofu Mkuu Máel Pátraic Ua Scannail, aliyelijenga upya kuanzia mwaka 1268 na ndiye pia aliyewaleta Wafransisko, ambao magofu ya kanisa lao, refu kuliko makanisa yote ya shirika hilo Ireland, yako nje kidogo ya mji. Mwaka 1566 Shane O'Neill, mtawala wa Kiairish wa Ulster aliyepigana na Waingereza, alilichoma ili Waingereza wasilifanye kambi. Likatengenezwa, na mwaka 1642 Sir Phelim O'Neill akalichoma tena. Sura tunayoiona leo ni ya ukarabati wa mbunifu Lewis Cottingham, ulioanza mwaka 1834. Ukiingia na kutazama kuelekea altare utagundua kwamba sehemu ya altare imeinama kidogo pembeni, haikunyooka na ukumbi wa waumini. Ndani pia kuna sanamu za mawe za kale kuliko kanisa, mojawapo ikiwa mtu aliyeushika mkono wake kwa mkono mwingine kana kwamba anajiuguza.

Baada ya mageuzi ya kidini ya karne ya 16, yaliyoleta Uprotestanti, jengo hili likawa la Waanglikana, na Wakatoliki, waliokuwa wengi, wakabaki bila kanisa kuu katika mji wa Patrick kwa karibu miaka 300. Ndiyo maana tarehe 17 Machi 1840, sikukuu ya Patrick, Askofu Mkuu William Crolly alipoweka jiwe la msingi kwenye kilima cha pili, maelfu walikuja. Mbunifu alikuwa Thomas Duff wa Newry. Kuta zilipofika juu kiasi, viazi vikaoza mashambani, njaa kuu ikaanza, na fedha za ujenzi zikaenda kulisha watu. Crolly alikufa kwa kipindupindu mwaka 1849, akazikwa ndani ya kuta zisizo na paa. Kazi ilirudiwa mwaka 1854 na mbunifu mwingine, J. J. McCarthy, aliyebadilisha mtindo, kwa hiyo ukitazama kwa makini unaona mahali ambapo kanisa la mtu mmoja linaishia na la mwingine linaanzia. Mpaka ule ukutani ndiyo alama ya njaa. Kanisa lilifunguliwa mwaka 1873 na kuwekwa wakfu kikamilifu mwaka 1904. Katika mnada wa hisani wa mwaka 1865 uliochangia ujenzi, mtu alishinda saa ndefu ya kusimama na hakuja kuichukua. Saa hiyo bado wameitunza kanisani.

#11 Mwalimu wa Kidato

Usisahau majengo ya karne ya 18, ambayo wageni huyapiga picha zaidi, na pia usisahau nani aliyalipia. Askofu Mkuu Richard Robinson aliishi kwa mapato ya ardhi iliyolimwa na wapangaji ambao wengi wao, kwa imani yao, hawakuruhusiwa hata kupiga kura.

#12 Mtunza Nyaraka

Mwalimu, sina la kupinga. Robinson alikuwa askofu mkuu tangu 1765 hadi alipofariki mwaka 1794, na fedha zake zilitoka huko ulikosema. Ninachoweza kusema ni kwamba, tofauti na wenzake wengi waliozitumia London, alizitumia Armagh: kasri, hospitali, gereza, uwanja wa Mall uliokuwa wa mbio za farasi, maktaba ya umma mwaka 1771, na kituo cha falaki mwaka 1790. Alitamani kuwe na chuo kikuu, na hilo halikutimia enzi zake.

Maktaba ina maandishi ya Kigiriki juu ya mlango wa awali yanayosema kwamba hapa ni mahali pa kuponyea roho. Ndani yake kuna nakala ya mwaka 1726 ya Gulliver's Travels ambayo Jonathan Swift mwenyewe aliisahihisha kwa kalamu pembeni mwa kurasa. Majambazi wenye silaha waliiiba mwaka 1999, ikapatikana Dublin miezi 20 baadaye. Niliiona ndani ya kioo. Mistari ya wino ni myembamba, ya mtu aliyekasirishwa na mchapishaji wake, na niliisogelea hadi mhudumu akanikumbusha kwa upole nisiegemee.

#13 Kijana wa Pangani

Mkuu, mimi mwakani nitapita Belfast. Nikipata siku moja tu Armagh, niende wapi?

#14 Mtunza Nyaraka

Asubuhi nenda Emain Macha, kabla ya makundi ya wanafunzi. Kisha rudi mjini, panda English Street, zunguka Castle Street kwa miguu, na uitafute ile alama ya Brian Boru upande wa kaskazini wa kanisa. Maktaba iko jirani. Mchana vuka bonde, panda ngazi ndefu za kanisa la Wakatoliki, na utazame kuta kwa nje kabla ya kuingia ndani kwenye mosaiki, yaani picha za vipande vidogo vya rangi. Ukienda Mei utakuta bustani za matufaha pembezoni mwa mji zimechanua, kwa sababu wilaya hii ndiyo kitovu cha matufaha ya Ireland.

Kisha umalizie kituo cha falaki. Hapo ndipo J. L. E. Dreyer, mkurugenzi tangu 1882, alipotengeneza orodha ya vitu 7,840 vya angani iliyochapwa mwaka 1888, na wanafalaki wa dunia nzima bado wanaviita kwa namba alizovipa. Lakini usiangalie darubini tu. Uliza wakuoneshe kituo cha hali ya hewa kilicho uwanjani. Tangu mwaka 1795 pamekuwa na mtu wa kutoka nje, kusoma kipimajoto na kipimamvua, na kuandika. Wamefanya hivyo kupita njaa kuu, kupita vita viwili vya dunia, na kupita miaka ya machafuko ya Ireland ya Kaskazini, miaka ya mabomu ambayo mojawapo lilivunja mahakama ya mji mwaka 1993. Asubuhi utakayofika, vipimo vya siku hiyo vitakuwa vimeshaandikwa.